Ndege za Mboya: deni lisiloandikwa la waliokwenda kusoma Marekani

Mapema mwezi Septemba mwaka 1959, ndege ya kukodi iliruka kutoka uwanja wa Embakasi, mjini Nairobi, ikiwa na wanafunzi 81. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda ndege. Walikuwa wanakwenda New York, na kutoka huko kila mmoja angeshika njia yake hadi kwenye chuo alichokijua kwa jina tu, jina lililoandikwa juu ya barua ya kumkubali. Waliobaki chini wakipunga mikono walikuwa wazazi, mashangazi, wazee wa ukoo, walimu na wachungaji. Si wote waliokuwa ndugu wa damu. Wengine walikuwa wamechanga tu.

Mpenzi msikilizaji, kisa cha ndege hizo kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kimesimuliwa kama kisa cha wakubwa: Tom Mboya aliyezitafuta, na John Kennedy aliyezilipia. Majina hayo yana haki yake katika historia. Lakini katika makala haya nataka tumfuate abiria mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba mzigo ambao haukupimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Alikuwa amekopeshwa na watu ambao hawakuandikiana naye mkataba wowote, na alijua kwamba siku moja angerudi na kuwakuta wanamngoja.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki wa miaka ya hamsini, njia ya kwenda chuo kikuu ilikuwa nyembamba mno. Chuo kikuu cha eneo zima kilikuwa Makerere, nchini Uganda. Nairobi kulikuwa na Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1956. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake mpaka mwezi Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Aliyetaka kwenda mbali zaidi alilazimika kungoja serikali ya kikoloni imchague, nayo ilichagua mmoja mmoja. Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, alikuwa wa namna hiyo: mwalimu aliyekwisha kupita Makerere, mtu mzima, aliyepelekwa na kurudi kufundisha Pugu. Utaratibu huo ulitoa watu hodari. Ulitoa pia watu wachache, na mtu anaweza kujiuliza kama uchache huo haukuwa sehemu ya kusudi.

Njia ya Marekani haikuwa mpya kabisa. Mbiyu Koinange alikwenda kusoma Hampton, Virginia, tangu mwaka 1927, na aliporudi akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939. Julius Gikonyo Kiano alirudi mwaka 1956 akiwa na shahada ya uzamivu kutoka California, Mkenya wa kwanza kuipata. Hao walikuwa mifano iliyotajwa majumbani, lakini mifano ya kuhesabika kwa vidole.

Mwezi Aprili mwaka 1959, Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye hakuwa ametimiza miaka 29, alianza ziara ya Marekani akihutubia vyuo, makanisa na mikutano ya wafanyakazi. Kila alikopita aliomba nafasi za masomo, na alizipata kwa wingi. Alichokosa ni nauli. Mjini New York rafiki yake mfanyabiashara, William Scheinman, akasaidia kuunda shirika dogo la kukodi ndege, na barua ya kuomba michango ikatiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Nairobi, Mboya alisaidiana na Kiano pamoja na Kariuki Njiiri, ambao wote wawili walikuwa wamesoma Marekani na walijua baridi ya huko ikoje.

Ndege, hata hivyo, ilimfikisha mtu New York tu. Nafasi ya masomo mara nyingi ilikuwa ada, na pengine ada nusu. Chakula, kitanda, vitabu, koti zito na nauli ya basi kutoka New York vilikuwa juu ya mwanafunzi, na ili apewe viza alipaswa kuonyesha kwamba fedha hizo anazo. Hapo ndipo kisa kinapotoka mikononi mwa wakubwa. Ng'ombe waliuzwa. Kahawa iliyokuwa bado mtini iliahidiwa kwa wanunuzi. Zilifanywa karamu za chai na dansi za kuchangisha, na makanisani sahani ilizungushwa mara ya pili. Neno harambee halikuwa bado limechorwa kwenye ngao ya taifa, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kuanza. Mama aliyetoa shilingi mbili hakuwa akinunua chochote kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa akimpeleka mtoto wa jirani. Na yule mtoto aliona sahani ikipita, akaona nani ametia nini.

Maofisa wa kikoloni hawakupendezwa. Hoja yao ilikuwa kwamba vyuo vingi vya Marekani ni hafifu, kwamba vijana hao hawakuwa na vyeti vya kutosha, na kwamba watakwama huko bila fedha wala shahada. Yapo mambo mawili ya kusema juu ya hoja hiyo. La kwanza, haikuwa ya uongo mtupu: wapo kweli waliopelekwa kwenye vyuo vidogo sana, na fedha ziliwaishia kweli. La pili, waliokuwa wakiitoa ndio waliokuwa wameacha milango ya karibu ikiwa imefungwa. Kijana aliondoka, basi, akijua kwamba hata akifaulu, shahada yake huenda ikatazamwa kwa jicho la pembeni atakapoomba kazi nyumbani.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka na fedha hazikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kugharamia ndege. Tarehe 26 Julai mwaka 1960, Mboya alimtembelea Seneta Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais. Makamu wa Rais Richard Nixon, akisukumwa na Jackie Robinson aliyekuwa akimuunga mkono, alihimiza wizara ibadili msimamo, nayo ikatoa ahadi ya kiasi kile kile, ikiwa imechelewa. Mwezi Agosti jambo hilo likawa ugomvi katika Baraza la Seneti. Ndivyo wanafunzi wa Nyeri, Kisumu na Machakos walivyogeuka hoja ya kampeni katika nchi ambayo hawakuwa wamekanyaga bado.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja linalorudiwa mara kwa mara. Barack Obama mzee, baba yake rais wa 44 wa Marekani, hakuletwa na fedha za Kennedy. Alifika Hawaii mwaka 1959, kabla ya fedha hizo, na wala hakuwa katika ile ndege ya watu 81, ingawa baadaye alipata msaada wa shirika lile la New York. Mwanawe mwenyewe, katika hotuba ya mwaka 2007, aliunganisha safari ya baba yake na akina Kennedy, na mwaka uliofuata kosa hilo likarekebishwa hadharani. Kosa lenyewe linafundisha jinsi kumbukumbu inavyopenda kumtafutia kila mtu mfadhili mkubwa.

Kati ya mwaka 1959 na 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo walikaribia 800. Wengi walikuwa Wakenya, lakini walikuwamo pia vijana wa Tanganyika, Zanzibar, Uganda na nchi zilizo kusini zaidi.

Miongoni mwa waliosafiri Septemba mwaka 1960 alikuwamo msichana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri, aliyeitwa wakati huo Mary Josephine Wangari. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, aliyefariki dunia Septemba mwaka 2011. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 alisimulia safari hiyo kwa urefu, na ndiyo maana tunaweza kumfuata yeye kuliko wengine.

Hata kuanza kwake shule kulikuwa kwa bahati. Kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama, ambaye mwenyewe hakupata elimu hiyo, akaona hakuna sababu ya kukataa. Swali la mtoto mmoja jikoni, na miaka kadhaa baadaye msichana yuko New York ndani ya lifti, akihisi jengo linamwacha chini. Alimaliza shule ya Loreto, Limuru, na jina lake likapendekezwa kupitia Kanisa Katoliki.

Kutoka New York, Wangari na wenzake walipanda basi kuelekea Kansas, safari ya siku mbili hivi. Mahali fulani katika jimbo la Indiana basi lilisimama, nao wakaingia kwenye mkahawa kutafuta kinywaji baridi. Wakaambiwa wanaruhusiwa kununua, lakini hawaruhusiwi kukaa. Wakanywee nje.

Vijana hao hawakuwa wageni wa ubaguzi. Walitoka katika Kenya ya walowezi, ambako mtu mweusi alijua hoteli ya kuingia na ya kupita mbali, na ambako hali ya hatari ilikuwa imeondolewa rasmi mwezi Januari mwaka huo huo. Lakini Marekani waliyoihubiriwa ilikuwa nchi iliyomfukuza Mwingereza na kujitawala, nchi iliyokuwa ikiwalipia nauli. Kumkuta mlangoni yule yule waliyemwacha Nairobi, akizungumza kwa lafudhi nyingine, ni jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewaandaa kwalo. Na utamwandikiaje mama barua juu ya hilo? Mama aliyeuza ndizi ili ufike?

Chuo alichokwenda Wangari kilikuwa Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, kikiendeshwa na masista Wabenedikti. Atchison, kwa bahati, ndiko alikozaliwa Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege, mwaka 1932. Masista walimpokea vizuri, na kwa maneno yake mwenyewe miaka hiyo ilikuwa ya furaha. Alisoma biolojia, na pembeni kemia na Kijerumani. Aliona miti ikipukutisha majani yote kana kwamba imekufa, kisha theluji, kisha majani yakirudi. Jina lake likafupishwa kuwa Mary Jo.

Si kila mmoja aliyeangukia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Vyuo vingi vilivyofungua milango mapema vilikuwa vyuo vya Wamarekani weusi, na vingi vya hivyo vilikuwa Kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria iliyoandikwa. Wapo waliokwenda chuo cha Philander Smith, mjini Little Rock, Arkansas, mji ambao miaka miwili tu kabla ya ndege ya kwanza Rais Eisenhower alilazimika kupeleka wanajeshi ili watoto tisa weusi waingie shule ya sekondari. Dk. Martin Luther King aliahidi kusaidia gharama za mwanafunzi Mkenya katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Kwa hiyo fedha za kumsomesha kijana wa Nyanza zilitoka pia kwa waumini weusi wa Alabama, ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura kwa uhuru. Deni likaongezeka wadai.

Kisha kulikuwa na kazi. Mwanafunzi wa kigeni hakuruhusiwa kufanya kazi apendavyo, lakini bila kazi wengi wasingekula. Waliosha vyombo katika majiko ya chuo, walifagia maktaba usiku, na wakati wa likizo walitafuta vibarua mijini. Kijana ambaye kwao alikuwa msomi wa tarafa nzima, ambaye wazee walimpisha kiti, alivaa aproni na kukwangua masufuria ya wenziwe wa darasa. Msikilizaji uliyesoma ughaibuni, hilo huhitaji kuelezwa. Hata leo ni kazi ambayo haitajwi kwenye simu ya nyumbani.

Wakati ule simu yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na barua za ndege, ile karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, na nafasi yake ilikuwa ndogo. Ilitosha kusema mtu ni mzima, mtihani umekwenda salama, na kuwasalimu wote kwa majina. Anayetaja majina ya watu kumi katika barua hana nafasi ya kueleza mkahawa wa Indiana. Mambo mengi yalimezwa hivyo, na nadhani ndiyo sababu vijiji vingi viliamini kwa miaka mingi kwamba Marekani hakuna shida.

Wapo walioona haiwezekani kumeza. Mahmood Mamdani, kijana wa Uganda mwenye asili ya Kiasia, alifika chuo kikuu cha Pittsburgh kwa mpango huo mwaka 1963. Mwezi Machi mwaka 1965 alipanda basi pamoja na wanafunzi wenzake kwenda Montgomery, Alabama, kwenye maandamano ya haki za kiraia, na akatiwa mbaroni. Akiruhusiwa kupiga simu moja, alimpigia balozi wa Uganda mjini Washington. Mwenyewe amesimulia kwamba balozi alimuuliza kwa nini anaingilia mambo ya ndani ya nchi ya kigeni, naye akajibu kwamba hayo si mambo ya ndani ya mtu yeyote. Ni mapambano ya uhuru, kama yale ambayo Waganda wametoka kuyamaliza juzi tu. Wiki chache baadaye maofisa wa FBI walifika chumbani kwake na kumuuliza kama anampenda Marx. Akasema hajawahi kukutana naye. Wakamwarifu kwamba Marx amekwisha kufa siku nyingi. Mamdani anasema hapo ndipo aliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza, akaenda maktaba kumtafuta.

Nyumbani nako mambo yalikwenda bila kuwangoja. Tarehe 22 Novemba mwaka 1963, Rais Kennedy aliuawa, na wanafunzi waliokuja kwa fedha za wakfu wake walilia pamoja na wenyeji. Siku 20 baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa huru. Walisherehekea ugenini, kwenye majira ya baridi, siku ambayo wao wenyewe walikuwa wamechangiwa kwa ajili yake. Kila barua iliyofika sasa ilikuwa na neno moja: njooni, kazi ziko, wazungu wanaondoka.

Wengi walirudi, na waliorudi waliingia wizarani, mashuleni, hospitalini na vyuoni. Hata hivyo kurudi hakukuwa kufika. Obama mzee alirudi mwaka 1964 bila ile shahada ya uzamivu aliyoifuata Harvard, baada ya chuo na idara ya uhamiaji kutotaka aendelee kukaa. Mamdani alirudi Uganda, na mwaka 1972 akafukuzwa na serikali ya Idi Amin pamoja na Waasia wengine, akajikuta katika kambi ya wakimbizi Uingereza kabla ya kupata kazi ya kufundisha Dar es Salaam. Pamela Odede, mmoja wa wale 81 wa ndege ya kwanza, aliolewa na Tom Mboya mwaka 1962. Jumamosi ya tarehe 5 Julai mwaka 1969, mumewe alipigwa risasi mchana akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Wangari alimaliza Kansas mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, na Januari mwaka 1966 akarudi Nairobi. Jina la Mary Jo alikuwa ameliacha huko. Aliyeshuka kwenye ndege alikuwa Wangari Muta, jina lake na la baba yake. Mkononi alikuwa na barua inayomhakikishia kazi ya msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu. Aliporipoti, akaambiwa kazi hiyo amepewa mtu mwingine. Yeye aliamini mpaka mwisho kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa sababu ni mwanamke.

Fikiria hali hiyo. Miaka mitano na ushee, shahada mbili, kijiji kizima kinajua kwamba binti amerudi kutoka Marekani, na binti hana kazi. Alihangaika kwa muda mpaka profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, alipomchukua katika idara mpya ya anatomia ya mifugo, ambako ujuzi wa hadubini alioupata Pittsburgh ulihitajika. Kijerumani alichojifunza kwa masista wa Kansas nacho kilipata kazi mwaka 1967, alipokwenda Giessen kuendelea na utafiti, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu mjini Nairobi.

Lakini kabla ya hayo yote, katika mwaka ule ule wa 1966 aliorudi, alikodi chumba kidogo cha biashara mjini Nairobi, akafungua duka la bidhaa za kila siku. Waliosimama nyuma ya kaunta kuuza walikuwa wadogo zake wa kike.